Opiyo Asiye na Odongo

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nilisimama nyuma ya muuguzi wa chanjo huko Homa Bay. Nilikuwa nikikagua mfumo wetu mpya, unaounganisha rekodi za kliniki za huku na za Migori kwa maana ya taarifa, si kwa kulinganisha herufi za majina tu. Mama mmoja alimweka mtoto mezani.

"Huyu alichanjwa surua kule Masara, Migori," muuguzi akasema.

"Aliyechanjwa ni Opiyo, sista. Huyu ni Odongo. Siku hiyo alikuwa na homa."

"Kompyuta inasema ni mtoto mmoja, ako na majina mbili."

Mama akageuka. Mgongoni Opiyo alikuwa amelala. "Basi iambie ibebe huyu wa pili."

Foleni ilicheka. Mimi sikucheka. Kanuni niliiandika mimi: mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa, mtoto mmoja. Nimekulia hapa, ambapo kila mtu anajua Opiyo ni pacha wa kwanza na Odongo anamfuata.

Odongo alichanjwa, akaandikwa kwa kalamu. Kesho yake saa moja asubuhi niliifuta kanuni, kisha nikaanza kumpigia simu mama wa kila Opiyo aliyebaki peke yake kwenye mfumo, bila Odongo.