Mashine Iliyoona Upesi Mno

Kama kuna mtu aliyetakiwa kukaa mbali na maji, ni Mapafu. Daktari alimwambia wazi: sikio la kushoto limetoboka, ukizama tena huenda usiibuke. Lakini umwambie nani? Mtu aliyekula na kuvaa kwa kuzama bwawani, akizibua nyavu za chuma kwenye lango la maji na kuopoa kila kilichoanguka, injini za mashua hadi maiti, leo aende kuuza nyanya? Hata hilo jina alipewa kwa sababu alikuwa akikaa chini mpaka watu wa juu wanaanza kutazamana.

Mwishowe akakubali kubaki nchi kavu, na mdogo wake wa mwisho, Kitinda, akashika nafasi yake. Alizama asubuhi moja kuzibua nyavu, hakuibuka. Kamba yake ilikuwa mikononi mwa shemeji yao, mume wa dada yao, ambaye alimshikia kamba Mapafu miaka nenda miaka rudi. Kule chini mzamiaji haoni kitu, tope tupu. Kamba ndiyo mdomo wake: akiivuta mara moja yu salama, akiivuta mfululizo, mpandishe haraka. Ndiyo maana mshika kamba haokotwi barabarani. Shemeji alisema kamba ilikatika kwenye chuma, akaonyesha kipande kilichochanika. Nani angemuuliza mara mbili?

Mama yao akagoma kuomboleza. "Nimwone mwanangu kwanza," alisema. "Siwezi kumlilia mtu ambaye sijamzika." Akawa analala sebuleni, mlango wazi, na akisikia hatua nje anaamka. Shemeji alikwenda kila jioni kumtuliza. Watu wakasema mkwe wa namna ile hapatikani siku hizi.

Wazamiaji wenzao walizama hadi wakachoka. Kitinda alikuwa na mkanda wa vyuma kiunoni, hawezi kuelea, na bwawa ni pana. Ndipo chama chao kikachanga fedha ya kununua sona, mashine inayopiga sauti kulia na kushoto kwa mashua, halafu mwangwi unachora sakafu ya bwawa kwenye skrini. Kitu kilichoinuka huacha kivuli cheusi nyuma yake, na kivuli cha mtu kina mabega. Mchango ulitosha mashine moja tu, tena ya bei ya chini. Kuchagua wakamwachia Mapafu.

Zikaletwa mbili. Ya kwanza mpya, inang'aa, ya kufungwa ubavuni mwa mashua, na muuzaji wake kijana mwenye miwani na maneno matamu. Ya pili imekwishatumika, rangi imebanduka. Hiyo kichwa chake kinaitwa samaki, na kinavutwa nyuma ya mashua kwa waya mrefu. Mwenyewe ni mama mmoja mkavu aliyezeeka akipima vina vya bandari.

"Ya kubandika mashuani inaona vizuri penye maji mafupi," yule mama alisema. "Penye kina inabaki juu inapiga kelele. Samaki wangu namshusha mpaka karibu na tope. Uzuri wa skrini haumwopoi mtu, baba."

Mapafu hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wakavalisha gunia la mchanga ovaroli, shemeji akaenda peke yake kulizamisha, mahali asipopajua mwingine yeyote. Kila muuzaji alitafute.

Kijana akaanza. Lo! Hakuzunguka hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja, gunia hilo kwenye skrini, mikono na miguu. Watu wakapiga makofi. Mchana ikawa zamu ya mama. Akaenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka kama anayelima matuta, hana haraka, hajibu utani. Jua lilipoanza kuinama akakunja waya wake. "Hapo chini hamna gunia," alisema. "Nimepita kote." Walivyomcheka! Shemeji ndiye aliyecheka kuliko wote. Mashine ya kijana ikanunuliwa.

Nayo haikuona kitu. Wiki kwa wiki Mapafu alizunguka nayo, na kila ilipofika kwenye kina, karibu na lango, skrini ilijaa ukungu. Akajilaumu. Akaamua kulitafuta tena lile gunia, ajue tatizo ni mashine au ni yeye. Gunia likawa halipo. Akapita kwa dada yake kuuliza kama mumewe analikumbuka vizuri lilipo.

"Gunia la ovaroli?" dada akasema, huku anaanika nguo. "Si alilirudisha mchana ule ule, yule mama angali anakula kabla ya zamu yake. Ovaroli ilikuwa inachuruzika maji, nikaifua mimi."

Mapafu aliketi chini pale pale kwenye kizingiti. Kumbe kijana alionyeshwa lilipo, na mama wa watu akatafutishwa kitu ambacho hakipo! Mwanzo alidhani shemeji kahongwa na muuzaji. Ikamuuma, lakini uchu wa pesa aliuelewa. Hakumwambia mtu. Alimfuata yule mama, akamwomba radhi, akamsihi aje na samaki wake.

Alikuja. Hakusema "nilikwambia", na Mapafu alimheshimu kwa hilo. Asubuhi ile ile, kwenye mkondo wa zamani wa mto ulio chini ya bwawa, kivuli kikatokea. Mabega. Na kutoka mabegani, mstari mwembamba mrefu umejikunja kwenye tope.

"Ile nini?" Mapafu akauliza, ingawa alikwisha kujua.

"Kamba," yule mama akasema. "Tena ndefu."

Wenzake walizama wakamleta Kitinda ufukweni, wakamfunika. Mapafu akaivuta kamba, pima kwa pima, shemeji amesimama mbele yake. Ilikuja yote, haijakatika popote. Ncha ya mwisho ilikuwa laini, imechomwa moto isifumuke, kama Mapafu mwenyewe alivyoichoma.

"Simu iliita, shemeji," yule bwana akasema. "Kamba niliiweka chini kidogo tu. Kugeuka, inamalizikia majini."

"Kuteleza kila mtu anateleza," Mapafu akasema. "Ungekuja siku ile ukaniambia, ningelia nawe. Wewe ulitaka asionekane. Ulinichagulia mashine kipofu, halafu jioni unakwenda kwa mama yangu kumwambia avute subira!"

Shemeji aliondoka kwa njia ya nyuma, na hakuna aliyemfuata.

Nyumbani, mama yao aliketi wima akasikiliza habari kwamba Kitinda amepatikana. Alilia, hatimaye, kilio alichokiweka muda wote ule. Kisha akafuta uso. "Mkwe wangu yuko wapi? Mwiteni. Yeye ndiye aliyenishikilia nisianguke."

Dada alitazama sakafu. Mapafu akapiga magoti mbele ya mama yake, akamweleza yote, kamba, simu, gunia. Hakuficha kitu.

Mama akauinua mkono wake wa kulia, akautazama.

"Kila jioni alikuwa akiushika huu," akasema. Kisha akamgeukia binti yake. "Niletee maji na sabuni."

Dada akaleta karai. Mama akanawa, akaomba maji mengine, akanawa tena.