Wa Kengele

Mwalimu wa binti yangu, hapa Bertrams, Johannesburg, aliwataka watoto waandike izithakazelo, yale majina ya sifa ya ukoo ambayo Wazulu huyataja mfululizo, babu kwa babu. Wenzake walikuwa nayo kichwani. Yeye alinijia jikoni na karatasi tupu.

"Mama, za kwetu ni zipi? Eish, ni mimi tu sina."

Za kwetu nazijua. Sisi ni watu wa Kisauni, Mombasa, wa kile kijiji walimokalishwa watumwa walioachwa huru karne ya kumi na tisa. Palikuwa na kengele ya kuwaonya wakija wakamataji. Mzee wetu wa kwanza alishushwa melini akiwa mtoto, hajui kwao wala jina la babake. Kwa hiyo tukihesabu wazee tunarudi nyuma mpaka kwake, kisha tunamalizia: "wa kengele." Hapo ndipo tunapoanzia. Mama alinifundisha akinisuka, na nikiisahau kengele alinivuta nywele.

Shuleni neno hilo liliniponza. "Mtoto wa mateka!" walinicheka, nami nikajifunza kunyamaza. Huku Johannesburg, Wakenya wenzangu kanisani wakiniuliza kabila, nataja la majirani zetu. Linanitoka kwa urahisi hata huwa nasahau kwamba ni uongo.

Basi siku ile nikamtungia mtoto wazee saba, wenye ng'ombe wengi na vita walivyoshinda. Nilifurahia kuwatunga, Mungu anisamehe. Akapata alama zote.

Jumapili, baada ya ibada, tukampigia mama simu. Mtoto, ambaye Kiswahili chake huwa cha kubabaisha, akashika karatasi yake, akayamwaga majina yote saba bila kukwama. Nilisimama kando na mwiko mkononi, aibu imenipanda mpaka masikioni, nikitamani mtandao ukatike. Nilikuwa nimemfuta mama yangu na wote waliomzaa, na nilimtumia mjukuu wake kumpa habari.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akangoja. Nilijua anangoja nini.

"Umesoma vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Na kengele je?"

Binti yangu akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. Kisha akaniangalia mimi.

"Kengele gani, Nyanya?"