Tarumbeta za Siku ya Shukrani

Mjukuu wangu alipougua, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mama yake, binti yangu wa mwisho, ameolewa Moshono, nami siku hiyo nilikuwa nimeteremka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi kuwasalimia. Nilimkuta mtoto ana homa, amekataa ziwa, analia kilio chembamba ambacho sikukipenda.

Nimelea watoto wengi. Mtoto mgonjwa ukimbeba hutulia. Huyu ukimwinua ndiyo anazidi kulia, ukimlaza anapunguza. Alipopata usingizi kidogo nikampitishia kiganja kichwani. Utosi ulikuwa umevimba na kukaza.

"Vaa viatu," nikamwambia binti yangu. "Hii siyo homa ya meno."

Hospitalini tulipokelewa na daktari, msichana tu. Aliniamkia, akagusa utosi, akajaribu kumwinamisha shingo taratibu, mtoto akapiga ukelele. Alisema anahofia homa ya uti wa mgongo. Angeanza kumchoma dawa palepale, na alitaka kutoa maji kidogo mgongoni ili ajue anapambana na mdudu gani. Binti yangu akampigia mumewe, mumewe akampigia baba yake. Wakaja wote wawili. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa.

"Mgongo wa mjukuu wangu hauchomwi," alisema kabla hajakaa. "Mtoto wa jirani yangu alichomwa hivyohivyo asubuhi, jioni akafa."

"Mzee, aliletwa akiwa na hali gani?" daktari akauliza.

"Aliletwa hai!"

"Basi kipimo tuache. Dawa niruhusu nimpe, nimeshaiandaa."

"Ili nikigeuka mumchome mgongo? Tunakwenda kumwombea nyumbani."

"Mkwe," nikasema, "hata mimi ni mtu wa maombi. Tumwombee hapahapa, dawa ikiingia."

"Mama, ulitupatia mke, tunakushukuru. Mtoto ni wa ukoo wetu."

Binti yangu alinitazama. Mumewe alitazama sakafu. Mtoto akafungwa kwenye kanga, wakaondoka naye.

Usiku ule waliimba na kuomba, nami niliomba pamoja nao, maana Mungu hakuwa na kosa. Kesho yake mtoto alikakamaa, macho yakapinduka. Baba mkwe ndiye aliyekimbia kutafuta gari. Safari hii mgongo ulichomwa.

Mtoto alilazwa muda mrefu, akipewa dawa kwa sindano, akapona. Alinyonya, akakaa, akacheka. Nilimshukuru Mungu na bado namshukuru. Tulipokuwa tunaruhusiwa, daktari alisisitiza arudishwe kupimwa masikio, kwa sababu ugonjwa huu ukichelewa kutibiwa huweza kuyaharibu.

"Kwanza shukrani," baba mkwe akasema. "Masikio baadaye."

Jumapili ya shukrani kanisa lilijaa. Ukoo mzima ulikaa mbele, mtoto akiwa magotini pangu. Baba mkwe alisimama akasimulia jinsi maombi ya nyumbani kwake yalivyomshinda shetani. Hakumtaja daktari. Watu wakapiga vigelegele, na kundi la tarumbeta, lililokuwa limesimama nyuma yetu kabisa, likapuliza kwa nguvu zote.

Watoto wachanga wote pale mbele walishtuka wakaanza kulia. Mjukuu wangu aliendelea kuchezea kifungo cha blauzi yangu.

Baba mkwe aliporudi kukaa aliniinamia, uso unang'aa. "Umemwona, mama? Hao wote wanalia, yeye ametulia. Ana amani ya Bwana."

Nikangoja wimbo uishe.

"Mkwe," nikamwambia, "mwite jina lake."

"Nimwite? Si huyu hapa?"

"Kaa nyuma ya bega langu, asikuone. Mwite."

Akaita kwa upole, kama babu anavyoita. Mtoto akavuta kifungo. Akaita tena. Tabasamu likaanza kumtoka mzee usoni. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya kuogofya, na kanisa zima likageuka kututazama.

Mtoto hakugeuka.