Mstari wa Unga

Bado nina hasira, na sitaki kuambiwa ni mchezo tu.

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya wenzetu kwenda msikitini, tunacheza besiboli kwenye kiwanja kitupu nyuma ya maduka ya magari, Wattaya, hapa Omani. Mimi ni fundi wa viyoyozi, naishi Darsait, na mchezo huu niliujua shuleni kwetu Kenya. Goti langu limechakaa kwa kupanda mapaa ya watu, kwa hiyo kukimbia siwezi. Nilichokuwa nacho ni macho. Nikimtazama mpigaji anavyopanga miguu, najua mpira utakwenda wapi, nami natangulia kuungoja.

Timu pinzani ina jitu moja la mkono wa kushoto ambalo kila mpira huupeleka kulia. Basi tulikuwa tunahamishia walinzi watatu upande huo, kushoto tunaacha karibu patupu, na mimi nasimama nyuma kabisa, kati ya besi ya kwanza na ya pili, vituo anavyokimbilia mpigaji. Mpira ulikuja wenyewe mpaka kwenye glavu. Hakuna aliyewahi kunisifu, lakini sikuwahi kukosa namba.

Halafu kapteni wetu akaja na sheria. Yeye ni mhadhiri, anakaa Al Khoudh, Mwomani wa familia iliyotoka Unguja, na besiboli aliijua alipokuwa akisoma Marekani.

"Nna jambo, ndugu yangu," aliniambia. "Kule washapiga marufuku kuhamisha walinzi. Wawili wakae upande huu wa besi ya pili, wawili upande ule. Na wasirudi nyuma mpaka kwenye majani."

"Majani gani, kapteni? Hapa kuna majani wapi?"

Kiwanja kizima ni vumbi na kokoto. Alikwenda garini, akatoa mfuko wa unga wa ngano, akamwaga mstari uliopinda nyuma ya besi. Nje ya mstari, akasema, tuhesabu ni majani. Watu wazima wakakubali, wa kwetu na wa kwao. Unga wa chapati ukamwagwa chini ili mimi nisisimame mahali pangu.

"Mchezo utachangamka," alinifariji. "Khasa kwa watazamaji."

Watazamaji wetu ni paka na askari wa duka la magari.

Ndani ya mstari goti liliniumbua. Kabla sijageuka, mpira ulikuwa umeshanipita. Namba yangu akapewa mhudumu mmoja wa hoteli, Mkenya mwenzangu, mwepesi wa miguu, asiyejua kumsoma mpigaji hata kidogo. Na lile jitu tulilokuwa tukilicheka limekuwa lulu, maana mipira yake sasa inapita. Kapteni ameanza kulibembeleza lihamie kwetu.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa pembeni, glavu mapajani, jitu lilipopiga. Mpira ulikwenda chinichini, ukipita kati ya besi ya kwanza na ya pili. Mhudumu akachomoka, akajitupa kifudifudi juu ya unga, akaudaka. Kiwanja kizima kikashangilia. Kapteni akamkumbatia, kisha akanijia mbio, fulana ya mazoezi imejaa unga kifuani.

"Umeona, ndugu yangu? Umeiona ile?"

Niliiona. Mpira ule ulikuwa unaelekea pale pale nilipokuwa nikisimama. Mimi ningeudaka bila kuinua mguu, na hakuna ambaye angepiga makofi.