Valvu Anajifunza Kubebwa

Mke wa Valvu aliteremka kwenye pikipiki safari ikiwa katikati, asubuhi kweupe, akavua helmeti, akamkabidhi mumewe na kusema, "Sipandi tena."

Valvu akajifanya hamnazo. "Kuna nini tena, mama?"

"Umepita juu ya nyanya za watu."

Na kweli alikuwa amepita juu ya nyanya za watu. Mwenye nyanya alikuwa bado amesimama na ndoo mkononi, mdomo wazi, hajui aanze kutukana au aanze kuokota. Valvu mwenyewe hakuona nyanya wala ndoo. Aliona kile alichokuwa akikiona kwa miezi mingi sasa: pembeni barabara ipo, miti ipo, watu wapo, lakini katikati pana ukungu, kama kioo ulichokipulizia pumzi. Akikutazama usoni, uso haupo, masikio yapo. Daktari wa macho alikwisha kumwambia asiendeshe tena chombo chochote, naye akaitikia ndiyo daktari, asante daktari, kisha akatoka nje, akapiga kiki pikipiki yake na kurudi nayo nyumbani. Mbishi yule mwanamume, we acha tu.

Jinsi walivyokuwa wakifika kazini salama miezi yote ile, hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Goti lake la kulia likimbana kiunoni, Valvu alikwenda kulia. La kushoto likibana, kushoto. Mikono yote miwili ikimkaza tumboni, breki. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo hata siku moja, kila mtu alijifanya halipo. Sasa asubuhi ile mke alipiga chafya, goti likabana lenyewe, na nyanya za watu zikaenda na maji.

Waliitwa majina yao ya kazi. Yeye aliitwa Valvu kwa sababu alikuwa fundi wa pancha, mwenye kibanda cha mabati mbele ya geti la hospitali, na hakuna tairi lililowahi kumshinda. Kazi yake ni ya vidole na shavu: anapitisha mpira wa ndani karibu na uso mpaka hewa imwambie tundu liko wapi. Macho hayakuwa na kazi kubwa pale. Mkewe alikuwa dobi wa hospitali hiyo hiyo, na wenzake walimwita Mama Mashuka. Nyumba yao ilikuwa upande wa pili wa kilima. Tangu ujana wao Valvu alimpakia nyuma kila asubuhi, wakakwea, wakazishuka zile kona za upande wa mjini, akamteremsha getini, akavuka barabara na kufungua kibanda chake. Watu wa njia ile walimsifu. Walisema pikipiki ya Valvu inalala na kuinuka kwenye kona taratibu mpaka ukiweka kikombe cha chai juu ya tangi hakimwagiki. Valvu alizipokea sifa zile zote, hakumbakizia mtu.

Jioni ya siku ya nyanya waliketi jikoni, mlango wazi. Basi la abiria kwa watu wawili, kwenda na kurudi kila siku, lingemeza mshahara wa dobi na mifupa yake. Kwa hiyo Mama Mashuka akatoa hukumu: pikipiki kubwa iuzwe, inunuliwe ndogo, isiyokunywa mafuta sana, na dereva awe yeye.

"Wewe?" Valvu akauliza.

"Kuna mwingine humu ndani anayeona?"

"Na ikikushinda?"

"Ikinishinda, mmoja wetu apande basi na mmoja abaki nyumbani."

Wote wawili walijua huyo wa kubaki ni nani. Kibanda kile kilikuwa ndiyo maisha yake. Pale aliitwa, alitaniwa, aligombana na watu kuhusu mpira, alikuwa mtu. Aliiogopa habari ya kukaa kizingitini kutwa nzima akisikiliza kuku wa jirani. Hofu ile hakumwambia mkewe, ila mkewe hakuhitaji kuambiwa.

Siku ya kwenda dukani alijitokeza shemeji, mdogo wake Mama Mashuka, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli lakini kwa ushauri hana mpinzani. Duka lenyewe lilikuwa uwanja wenye uzio wa mabati, pikipiki zilizotumika zimepangwa safu, zimepakwa mafuta ya kung'arisha mpaka na kutu zake zinameta. Valvu alianza kazi. Kabla ya muuzaji kufungua mdomo, alikuwa amekwisha kuweka kiganja juu ya injini.

"Hii ina joto," akasema. "Mmeiwasha kabla hatujaja, tusijue kama inagoma ikiwa baridi. Hiyo ni mgonjwa aliyeinuliwa kitandani na kuvalishwa. Nyingine."

Muuzaji akacheka kwa aibu. Valvu akaendelea na safu nzima: kiganja kwenye injini, ikiwa baridi ndipo iwashwe, sikio karibu, pua kwenye ekzosi, dole gumba kwenye tairi. Alikuwa na raha, usipime. Mwishowe akaisimamia moja ndefu yenye gia, akaikalia, akanyoosha miguu, akavuta pumzi.

"Hii," akasema. "Injini yake inasema ukweli."

"Hapo sasa!" shemeji akashangilia. "Ukipita na hiyo hata mbwa wanasalimia."

Mama Mashuka akaomba aikalie. Miguu ikaning'inia, vidole vya viatu vikawa vinaitafuta ardhi bila kuipata. Loo! Mzee mzima alikuwa ameipimia pikipiki miguu yake mwenyewe. Amechagua katika uwanja mzima, kwa ustadi wote ule, chombo cha kuendeshwa na mtu yule yule ambaye daktari alimkataza kuendesha.

"Utazoea," Valvu akasema, ila sauti ilikuwa imekwisha kupungua.

"Nitazoea kuning'inia?"

Aliteremka, akaenda moja kwa moja mpaka kona ya uwanja, akasimama mbele ya skuta ndogo ya rangi ya maziwa, yenye mkwaruzo mrefu ubavuni. Haina tangi la kuruka na gauni, unapita katikati kama unaingia mlangoni. Akaikalia. Nyayo zote mbili zikatua chini, bapa. Mfuko wake wa kazi akauweka kwenye ubao wa miguu, ukakaa kana kwamba ulizaliwa pale.

"Mama, hicho ni kiatu chenye taa," Valvu akasema.

"Basi kinanitosha. Njoo ukisikilize."

Valvu akapiga magoti, shingo upande. Kiganja: baridi kabisa. Muuzaji akabonyeza kitufe, na kile kidude kikaitika mara moja, bila kukohoa, kikaanza kushona kama cherehani ya fundi asiye na haraka. Valvu alikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akatafuta kosa. Akanusa, akapapasa, akasikiliza tena. Kosa alilopata ni moja tu, nalo alilisema kwa uaminifu wa mtu wa matairi: magurudumu yake madogo, kila shimo la barabarani yataliingia mpaka chini.

"Mashimo ya njia ile nayajua yote," Mama Mashuka akajibu. "Nani alikuwa anakukwepesha?"

Shemeji akaangalia pembeni. Skuta ikanunuliwa.

Kujifunza, Mama Mashuka alijifunza kwenye uwanja wa mpira wa shule, jioni, baada ya kazi. Valvu alisimama katikati akifundisha kwa masikio. "Punguza mafuta! Umebana breki ya mbele peke yake, nimesikia! Usitazame gurudumu, tazama unakokwenda!" Mkewe alianguka mara moja, nyasi zikamwingia kwenye nywele, akainuka anacheka. Haikuchukua muda mrefu akawa anazunguka uwanja kwa mkono mwepesi, na Valvu anazungusha kichwa kuifuata ile sauti, tabasamu limemjaa, kajisahau kabisa kwamba hamwoni.

Taabu ilianza jioni ile Valvu alipopanda nyuma kwa mara ya kwanza.

Jamani, ile haikuwa safari. Mtu amekaa mbele umri wake wote, mwili wake haujui kukaa bure. Skuta ikiingia kona ya kulia, Valvu anaikata kona mwenyewe, mapema, kwa uzito wote, kama vile ndiye mwenye usukani. Mguu wake wa kulia ukitafuta breki unakanyaga hewa. Akiogopa anajiinua wima wakati mwenzake amelala na kona, chombo kinayumba kama mlevi. Mkewe akapiga kelele, "Tulia!" naye akajibu, "Nimetulia!" huku anamvuta bega. Kwenye kona ya pili ya kilima walitoka nje ya lami, wakapita kwenye changarawe, wakasimama hatua chache kutoka kwenye mfereji. Lori likapita likiwapigia honi ndefu. Hakuna aliyeumia, lakini Mama Mashuka alizima injini na kuteremka.

"Peke yangu naweza," akasema, polepole. "Na wewe siwezi. Utatuua, mume wangu. Kesho nitakwenda peke yangu, wewe ubaki nyumbani."

Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa akiiogopa Valvu tangu siku ya nyanya, na ilipokuja haikuja na hasira. Angejua la kufanya na hasira. Walirudi wakiisukuma skuta, yeye upande huu na mkewe upande ule.

Nyumbani alikaa kwenye benchi la uani, mikono juu ya magoti. Alikaa hivyo mpaka mkewe alipotoka kuanua nguo. Ndipo akauliza swali ambalo, ukifikiri vizuri, alichelewa nalo miaka mingi mno.

"Mama. Wewe kule nyuma ulikuwa unafanya nini?"

Mama Mashuka aliweka nguo kwenye beseni. Alimtazama kana kwamba amemuuliza anapumuaje. Kisha akaja, akapandisha gauni kidogo, akaketi mbele yake kwenye lile benchi, akamwonyesha mgongo.

"Weka mikono hapa. Si mabega, kiunoni. Sasa, ile kona ya mwamba. Wewe ulikuwa unaanza kulegeza bega la kulia kabla hata hatujauona mwamba wenyewe. Nikisikia limelegea, nahamia kulia, kidogo, siyo kabla yako na siyo baada yako. Ukivuta pumzi ndefu najua unataka kupita gari, basi nakaza mapaja. Ukiwa na hasira na mtu ulikuwa unaingia kona kwa kasi, hapo naegemea ndani zaidi ili isitutupe. Ukisinzia..."

"Sijawahi kusinzia."

"Ukisinzia nilikuwa nakufinya, unadhani ni mapenzi."

Valvu hakucheka. "Na ile siku ya mvua? Tairi la nyuma lilipoteleza, lori mbele yetu?"

"Nilikaa chini. Nilijibana kwenye kiti, uzito wote nikaupeleka kwenye gurudumu la nyuma mpaka likashika lami. Halafu mikono yangu ilikufa ganzi kwa kukukaza, siku ile sikuweza kukamua hata shuka moja."

Kisa cha siku ya mvua Valvu alikuwa amekisimulia kibandani mpaka wateja wamekikariri. Mkono wake ulivyokuwa imara. Macho yake yalivyoona upenyo. Katika kisa kile chote mke wake hakuwamo, labda kama mzigo. Na hapa, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaka kurudi kuanua nguo, alikuwa anamweleza kwamba kila kona aliyosifiwa kwayo walikuwa wameipita watu wawili wakifanya kazi pamoja. Alishika kiuno kile kana kwamba anakigusa kwa mara ya kwanza, na kwa kweli alikuwa anamwogopa kidogo, ile hofu ya mtu aliyeingia chumba kikubwa akavua kofia bila kuambiwa.

"Nifundishe," akasema.

Akamfundisha pale pale benchini. Akilala kulia, naye alale. Akiinuka, ainuke. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akawaona watu wazima wawili wamepanda benchi wanayumba bila muziki, akarudi ndani kumwita mkewe aje kuona. Waliendelea. Kila mara Valvu alipotangulia, mkewe aligonga goti lake: "Hujaitwa bado."

Asubuhi iliyofuata walitoka. Mama Mashuka hakusema kama amekubali moja kwa moja, alisema tu, "Mpaka kona ya kwanza. Ukinivuta, unateremka na kurudi kwa miguu." Walikwea kilima taratibu, kile kidude kinashona, na juu kabisa, palipo na kona ya kwanza, Valvu alifumba macho. Akaacha bega la mkewe limwambie. Likalegea. Akaenda nalo. Skuta ikalala, ikainuka, hakuna kilichoyumba.

Kona ya pili, pale kwenye changarawe, ikapita hivyo hivyo. Akafumbua macho. Kwa kuwa hakuwa na barabara ya kutazama, kila kitu kilikuja kutoka pembeni, upande ambao macho yake yalikuwa bado mazima: bonde lote chini, mapaa ya mabati yanawaka jua la asubuhi, moshi wa majiko, mto mdogo ambao hakujua kama upo. Njia ile ile, umri mzima, na hakuwahi kuiona. Alitaka kusema kitu, akaogopa kuisumbua kona ya mwamba. Wakaipita. Wakazipita zote.

Getini Mama Mashuka alisimamisha skuta, nyayo bapa chini. Walinzi wa hospitali walikuwa wametoka wote kuangalia. Valvu hakuteremka.

"Asante," akasema, mdomo karibu na helmeti yake.

"Ya nini?"

"Ya kona."

"Ipi?"

"Zote."

Mama Mashuka alitazama mbele kama dereva anavyotazama, mabega yake yakapanda mara moja na kushuka, na Valvu, ambaye sasa alijua kusoma mabega, alikaa nyuma yake mpaka mkewe alipomaliza kulia.