Ng'ombe wa Onesmo Kwenye Kitochi

Masumbwe nzima, ukitaka muvi kwenye simu bila waigizaji kugeuka vibonge au njiti, unakwenda stendi, kibandani kwa Justa. Wenzake huivuta picha mpaka ijae kioo. Mteja anaondoka akichekelea, akifika nyumbani anakuta jambazi ana uso kama sinia. Justa hafanyi hivyo. Filamu huipunguza uzito ili simu ndogo iweze kuicheza, lakini umbo haligusi: upana ukipungua, urefu nao unapungua kwa kiasi kilekile, na nafasi inayobaki inakaa nyeusi.

Wachimbaji humnung'unikia. "Dada Justa, mbona kioo hakijajaa? Umekula picha yangu!"

"Nikikijaza, huyo mrembo unayemfuata humo ndani atakuwa pipa. Chagua."

Kwa ubishi huo amejijengea jina, na jina hilo analiringia kuliko nguo.

Mwaka huu alipata mchumba, Onesmo, kijana wa kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Mpole, mcheshi, na mwembamba hata mkanda wake ameuongezea matundu mwenyewe. Justa alimpenda kwa moyo wote, na pale stendi hapakuwa na asiyejua. Kilichobaki kilikuwa mahari, na mahari kwa Mzee Ndaki, baba yake Justa, ni ng'ombe, nao huwakagua mwenyewe zizini. Bahati mbaya mzee alikuwa amevunjika mguu. Ndugu zake walijitolea kwenda, akakataa. Ng'ombe, alisema, hawakaguliwi kwa jicho la kuazima. Ndipo Onesmo alipoomba warekodiwe, mzee awaone kwenye kitochi, kile kisimu chake cha vitufe. Mzee akakubali, ila akaonya kwamba wakiwa wamekonda asimwone tena mshenga mlangoni kwake.

Mjomba wa Onesmo ndiye aliyerekodi, simu ameishika wima. Justa akaifungua ile video kibandani kwake. Kiangazi kilikuwa kimewamaliza ng'ombe, mbavu zote nje. Na kwa kuwa simu ilishikwa wima, picha ilikaa kama uchochoro katikati ya kioo, weusi mpana huku na huku. Nafasi ya kuwanenepesha ilikuwa bwerere.

Kidogo tu, akajisemea. Mbona kila siku wateja wanaomba kioo kijae? Akavuta upana. Matumbo yakajaa. Akavuta tena, mbavu zikatulia, ng'ombe wakapendeza. Muda wote huo macho yake yalikuwa kwa ng'ombe tu.

Jumapili baada ya ibada akampelekea baba yake ile video kwenye memori kadi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Lete niwaone."

Mzee akachomeka kadi, akakisogeza kitochi karibu na pua. Alitazama mpaka mwisho, kisha akarudia.

"Wamenona," akasema.

Justa akashusha pumzi.

"Kiangazi chote hiki, na wamenona! Huko kwao wanakula nini?"

"Sijui, baba. Majani."

"Hebu sogea. Huyu mwenye fimbo, hapa katikati ya ng'ombe, ni nani?"

Justa akainama kutazama. Alikuwa Onesmo, mashavu yamefura, tumbo limemtangulia.

"Ni Onesmo," akasema kwa sauti ndogo.

"Juzi alipokuja na mshenga nilimwonea huruma, nikaagiza aongezewe ugali. Leo ana kitambi. Naye anakula hayo majani?"

Aibu ilimpanda Justa mpaka machozi yakamtoka. "Nimewavuta, baba. Wamekonda wote. Niliogopa utakataa. Nisamehe."

Mzee Ndaki akakizima kitochi na kukiweka kando. Alikaa akiupapasa mguu wake uliofungwa.

"Nasikia huko mjini wewe humpindishii mtu picha."

"Ndiyo, baba."

"Hata wakikubembeleza."

"Hata wakinibembeleza."

"Ila kwa huyu umepindisha."

Justa akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

"Basi umempenda kweli," mzee akasema. "Waambie wawaswage waje na mbavu zao hivyo hivyo, majani watayakuta hapa. Nikiwakataa, sijui utakwenda kuharibu nini kingine."