Manal, Fundi Makochi wa Mikocheni

Manal binti Abdulhadi alijulikana kwa mikono yake. Katika karakana ya makochi kule Mikocheni mwanamke alikuwa yeye peke yake, na ngozi ngumu ikiwashinda wenzake kuikata, aliitwa yeye. Baba yake, Mzee Abdulhadi, mwenye duka Buguruni, alimsifu kwa wateja, aulizwe asiulizwe.

Alipotimiza miaka ishirini na sita, uchumba wake ukavunjika. Ukweni walisikia kwamba hedhi yake hupotea hata miezi mitano, na kwamba anaota ndevu. Wakatuma mtu kusema wameghairi. Manal hakulia. Aliacha kazi, akaacha kuchana nywele, mwisho akaacha kutoka chumbani.

Shangazi yake, Bi Thuraya, akasema ni jini mahaba. Manal akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, wiki tatu, hali ikawa ile ile. Mama yake alishafariki, na Mzee Abdulhadi hakujua aanzie wapi kumuuliza bintiye mambo ya kike. Akawa anamwekea chai mlangoni, na kuikuta imepoa.

Jumamosi moja asubuhi, alipoinama kukiokota kikombe, akasikia kutoka ndani, "Baba, mie nikilala natamani nisiamke."

Siku ile duka halikufunguliwa. "Vaa baibui, mwanangu," alisema. "Twende hospitali. La kusema likiwepo, tutalisema wote wawili."

Kwenye kliniki ya wanawake, benchi zima mwanamume alikuwa yeye tu. Daktari Vaileth aliwaeleza taratibu: homoni zimekosa uwiano, mayai hayapevuki inavyotakiwa, na ndevu na kupotea kwa hedhi vinatokana na hayo.

"Na huku kujifungia?" aliuliza mzee.

"Hiyo ni sonona. Inawapata wengi wenye tatizo hili. Nayo ni ugonjwa, mzee wangu, inatibika."

"Nitazaa?" Manal aliuliza.

"Wengi wanazaa wakipata matibabu. Ila leo tuanze na wewe mwenyewe."

Wakaanza. Dawa kila siku, mshauri kila baada ya wiki mbili, na mzee benchini kila safari. Bi Thuraya akamuuliza, "Kaka, huoni haya kukaa na wanawake?"

"Haya ninayo," alijibu. "Lakini mtoto ninaye mmoja."

Mwezi wa tano wa matibabu Manal alirudi karakanani, kwanza kwa saa mbili mbili, kisha siku nzima. Mwaka uliofuata Daktari Vaileth akamwomba azungumze na wagonjwa wapya. Akasimama mbele yao na mavumbi ya sponji yangali kwenye mikono ya baibui.

"Sijapona yote," aliwaambia. "Ndevu bado nanyoa. Zipo siku kitanda kinanishinda. Siku hizo namwambia baba, sijifichi tena. Leo nimetoka kazini."

Mama mmoja akamgeukia mzee. "Huyu ni nani wako?"

Mzee Abdulhadi akajiweka sawa kwenye benchi, akajibu kwa sauti ambayo kliniki nzima iliisikia. "Binti yangu, Manal. Fundi makochi."